Maziwa Aliyoyaacha Ryoba

Kila asubuhi pale Kenyamonta, mzee Ryoba alimsalimia ng'ombe wake Madoa kabla ya kumsalimia mtu. Na mtu mwenyewe yuko wapi? Mkewe Wegesa alikuwa amefariki. Watoto wanaishi mbali. Alibaki yeye na ng'ombe wa marehemu. Hata wakati wa chai bado alitoa vikombe viwili, halafu anakumbuka, anarudisha kimoja. Upweke ulimuuma, jamani.

Kukamua ilikuwa kazi ya Wegesa. Ryoba alijifunza uzeeni, kwa aibu, akijificha nyuma ya nyumba. Alikamua harakaharaka, akaacha maziwa mengi kwenye kiwele.

Basi kiwele kikavimba. Maziwa yakatoka na madonge. Ryoba akanunua dawa ya kutia kwenye chuchu. Madoa akarusha teke. Mzee akamhurumia, hakumkamua, akaisukuma dawa ndani ya kiwele, juu ya maziwa yaleyale. Madonge yalipopungua, akaacha dawa. Haikuchukua muda, uvimbe ukarudi, mbaya kuliko mwanzo. Mchinjaji naye akaanza kupita pale, akiuliza bei.

"Huyu akiondoka, nitaongea na nani?" Ryoba alijiuliza, machozi yakamtoka. Akaweka aibu kando, akamwita Elieth, afisa mifugo wa kata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Dawa yenu ni feki!"

Elieth alicheka. "Pole, mzee. Ulimkamua kwanza?"

"Anaumia. Nilimhurumia."

"Huruma hiyo ndiyo inamuumiza. Bakteria wanazaana kwenye maziwa unayoyaacha. Wakiwa wachache, dawa inawamudu. Wakishajazana, wanajificha ndani ya madonge, dawa haiwafikii vizuri."

"Mbona madonge yalipungua?"

"Walikufa waliokuwa wanakua. Dawa kama hii humpata zaidi bakteria anayekua na kuzaana. Aliyetulia, kama amelala, inaweza kumpita. Ukiacha dawa mapema, anaamka, anazaana upya."

"Lo! Kumbe nilikuwa nawafuga!"

Elieth akamwonyesha. Osha mikono na chuchu. Kamua taratibu mpaka kiwele kiwe kitupu. Ndipo utie dawa, na umalize dozi yote, hata kama maziwa yameonekana safi.

"Na maziwa haya yamwage, yana dawa. Asinywe mtu mpaka nikuambie."

Ryoba akakaa kwenye kigoda cha Wegesa, katikati ya uwanja, watu wakimwona. Madoa akarusha teke.

"Tulia mama, tulia," alimbembeleza, kama alivyokuwa akifanya marehemu. Hakuacha hata tone. Alifanya hivyo mpaka dozi ikaisha.

Baadaye Elieth alirudi. Akakamulia maziwa kidogo juu ya kitambaa cheusi. Hakuna donge.

"Amepona, mzee. Na muda wa kumwaga maziwa umekwisha."

Ryoba alichemsha maziwa, akatoa vikombe viwili. Akakishika cha pili ili akirudishe, kama kawaida yake.

"Hicho cha nani, mzee?"

"Kilikuwa cha Wegesa." Akakijaza. "Kaa, binti. Kunywa."