Sahani ya Solange

Kila mchana, mjukuu wangu Aline akirudi kutoka shuleni hapa Baraka, hunawa mikono na kuketi mkekani. Nyumbani kwetu watoto hula pamoja katika sahani moja. Mgeni tu ndiye hupewa sahani yake.

Lakini dada yake mkubwa, Solange, alianza kupewa yake. Wenzake wa kwaya walimcheka kwamba ni mnene, naye akakataa chakula hadi akawa anashikwa na kizunguzungu njiani. Muuguzi Félicité alitufundisha kumpa kidogo kidogo, mara kwa mara: uji wa karanga, yai, samaki. Tusimgombeze, wala tusimwache ale peke yake.

"Mi majani ya sombe, yeye samaki mukeke wa kukaanga!" Aline alininung'unikia mimi bibi yake. "Koko, kumbe kukataa chakula iko na faida!"

Siku moja nilipotoka kuteka maji, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, Aline alimsogelea dada yake, ambaye humwita Yaya.

"Yaya, nionjeshe."

"Chukua yote," Solange alinong'ona. "Usimwambie Koko."

Tangu hapo sahani ilirudi tupu. Nami niliiosha huku nikiimba.

Jumapili Solange akazimia kanisani. Alipozinduka kwenye kituo cha afya, Aline alinishika kitenge akilia. "Koko, ni mimi! Mi ndiye nilikula chakula chake."

Félicité alimkalisha karibu. "Asante kwa kusema ukweli. Dada yako haringi. Ugonjwa unamfanya aogope chakula, na sahani ile ni dawa yake. Ungekunywa dawa ya mwenzako?"

"Hapana. Lakini bado naona wivu kidogo, Mama."

Félicité akacheka. "Basi njoo na wivu wako, ukae naye mpaka amalize. Mpigie hadithi. Usimtazame mdomo."

Jioni Solange alimega samaki, akamsukumia mdogo wake. Aline akameza mate.

"Huyo ni wako, Yaya. Nakungoja." Kisha akamsimulia jinsi mbuzi alivyoingia darasani akatafuna chaki ya mwalimu. Solange akacheka. Polepole, akatia kipande kinywani. Ugali wa Aline ulipoa, lakini hakuinuka.

Solange hakupona siku ile, ilichukua miezi. Lakini jioni hiyo nilimkumbatia Aline nikamwambia, "Mgonjwa akipewa zaidi, si kwamba wewe unapendwa kidogo. Na leo umemlisha dada yako kuliko mimi."

Nilipokusanya sahani, miiba yote ya samaki ilikuwa kwenye sahani ya Solange, na ya Aline haikuwa na hata mmoja.