Nukta ya Alhamisi

Walikutana kwenye foleni ya lifti hospitalini, mtakwimu amekumbatia kompyuta, muuguzi amebeba boksi la dawa.

"Dada, hiyo sketi ya njano itanipofua," muuguzi akasema.

"Basi fumba macho, kaka."

Miezi minane sasa ni wapenzi, siku haipiti bila kupigiana simu, isipokuwa Alhamisi mchana. Alhamisi muuguzi hapokei.

Kazi ya mtakwimu ilikuwa kutafuta mitaa ambayo dawa za VVU haziwafikii watu. Majina yalishafutwa, na simu za kazi za wauguzi zilibaki nukta kwenye ramani. Sharti lilikuwa moja: usimtafute mtu nyuma ya nukta. Yeye mwenyewe ndiye aliyelisimamia.

Siku hiyo akaona nukta moja, kila Alhamisi saa nane, saa nzima kwenye nyumba ileile. Ndiyo saa ambayo muuguzi wake hapokei simu. Wivu ukampanda hadi utosini, sharti akalisahau. Akaikuza ramani mpaka akaona geti.

Alhamisi iliyofuata akamkuta muuguzi mlangoni, mwanamke wa gauni la kijani amemshika mikono yote miwili, wanacheka.

"Kumbe ndiye huyu! Mpenzi, hata aibu huna!"

Muuguzi akageuka. "Nani kakwambia niko hapa?"

"Ramani!"

Mwanamke akamwachia muuguzi mikono. "Uliniapia hakuna atakayejua, kaka." Mlango ukafungwa, dawa alizomletea zikabaki mkononi mwa muuguzi.

"Wifi yake ndiye anayepokea kadi kliniki, ndiyo maana namletea nyumbani," muuguzi akasema polepole. "Nimembembeleza miezi mitano akubali dawa. Umeridhika?"

Mtakwimu alitamani ardhi ipasuke aingie. Kesho yake akaenda kwa bosi, akasema yote. Akanyang'anywa ruhusa ya kufungua ramani, na kwa ombi lake nukta zikaondolewa, zikabaki hesabu za mitaa mizima.

Muuguzi hakupiga simu wiki tatu. Na wivu, mwanaharamu yule, ukamnong'oneza kwamba kapata mwingine. Safari hii akauambia nyamaza.

Alhamisi ya nne, saa tisa, simu ikaita.

"Amefungua mlango. Dawa amechukua."

Mtakwimu akaangua kilio palepale mezani. "Bado umenikasirikia?"

"Sana. Naye pia. Ila ameuliza kama yule mwenye wivu wake ameshaolewa."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia bado, namuuliza leo. Vaa ile sketi."