Matundu Yaliyobanana

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akanywa maji, kisha akaingia karakana ya mama yake nyuma ya nyumba. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Pale karakanani walitoboa mabati mazito yanayofungwa ndani ya mashine za kusaga nafaka. Bati hilo ndilo chekeche: unga hupita kwenye matundu, punje zilizobaki hupondwa tena. Chiriku alitia alama kwa kufuata kigezo cha kadibodi, na mjomba wake akatoboa.

Siku moja mama alikuwa mlangoni, anatoka kwenda kutafuta mabati.

"Mwenye mashine anataka unga wa chenga," alisema. "Matundu yawe makubwa kuliko ya kila siku. Kata kadibodi mpya. Tundu likikua, nafasi nayo ikue. Bati likibaki jembamba kati ya matundu, nyundo za mashine zitalichana."

"Nimesikia, Mama."

Masikio yalisikia, lakini moyo ulishafika uwanjani. Wenzake walikuwa wakipiga miluzi nje ya ua.

"Chiriku, leo umefungiwa tunduni?" mmoja aliuliza, wengine wakacheka.

Chiriku aliitazama kadibodi mpya, akaona kupima na kukata kutamchelewesha. Akaangua ile ya zamani msumarini, akatia alama upesi upesi.

Mjomba alifunga kitoboleo kikubwa, akaanza. Baada ya mistari michache aliuachia mkono wa mashine ya kutoboa.

"Mpwa wangu, haya matundu si yamebanana? Hapa katikati pamebaki kama uzi."

"Mama ndiye aliyesema, Mjomba."

"Haya. Mwenye kazi ndiye ajuaye." Akaendelea kutoboa, ingawa alikuwa akitikisa kichwa.

Mama aliporudi, mwenye mashine alikwisha kulichukua bati lake.

"Ulikata kadibodi mpya?" mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

Jioni hiyo Chiriku alikula upesi, akaenda kulala.

Asubuhi, njia ya shule ilimpitisha mbele ya mashine ya kusaga. Ilikuwa ikiunguruma kama kawaida yake, lakini ndani ya mngurumo huo mlikuwa na sauti nyingine, nyembamba, kama ukucha unaokwaruza sufuria. Watu waliopanga foleni na ndoo zao walikuwa wakizungumza tu. Ni mmoja tu aliyegeuza kichwa.

"Hiyo sauti ni ya nini?" mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuliza.

"Chekeche jipya hilo, dada," alijibu mwenye mashine. "Bado linazoea."

Chiriku aliharakisha hatua. Akajiambia kwamba huenda bati litavumilia. Sauti ikamfuata. Alipogeuka, alimwona yule mama akichota unga kwa ncha ya kidole na kuupeleka kinywani mwa mtoto aonje.

"Usimpe, shangazi!" Chiriku alirudi mbio, akaushika mkono wa yule mama. "Unga una vyuma."

Mwenye mashine alikunja uso. "Chiriku, usinifukuzie wateja. Nenda shule."

"Zima mashine, baba. Nakuomba. Ni mimi niliyetia alama kwenye bati lile. Nilitumia kipimo kisicho chake, nikamdanganya mjomba, nikamdanganya na mama."

Machozi yalikuwa yakimtiririka. Yule mwenye mashine alimtazama kidogo, kisha akazima. Alipofungua kifuniko, watu walisogea kuchungulia. Bati lilikuwa limechanika toka tundu hadi tundu, na kipande kizima kilining'inia kwa uzi mmoja wa chuma.

Mama yake Chiriku aliitwa. Alikuja na sumaku, akaizungusha ndani ya unga bila kumsalimu mtu. Ilipotoka ilikuwa imeota nywele za chuma, nyembamba na kali kama sharubu za paka. Yule mama akamkumbatia mwanawe, akamfuta midomo tena na tena, japo mtoto hakuwa ameonja.

Unga wote wa asubuhi ile ulimwagwa, na mama yake Chiriku akaahidi kuwalipa wenyewe. Yeye na Chiriku wakarudi karakanani. Pale Chiriku alimwomba mjomba wake msamaha.

"Mimi nami niliona kasoro nikakubali upesi," mjomba alisema. "Sikupaswa kuendelea."

Mama alimwekea Chiriku kadibodi mpya, rula na kalamu.

"Kukosea kipimo hata mimi nimewahi, mwanangu," alisema. "Bati likiharibika hapa mezani, tunatupa bati. Mjomba wako alikuuliza, nami nikakuuliza. Mara ya kwanza lilikuwa bado mikononi mwetu, mara ya pili tungeweza kulifuata. Wewe ukaliacha lifike kinywani mwa mtoto wa mtu. Ukweli una saa yake, na ukichelewa anaweza kuulipia asiyehusika."

"Nimesikia, Mama."

"Jana pia ulisikia. Leo nioneshe."

Chiriku akavuta kiti, akachora tundu la kwanza kwenye kadibodi, akaweka rula katikati yake kupima nafasi.