Sikuwahi Kuinunua Mwenyewe

"Uko wapi, Evodia?"

"Sokoni."

"Soko gani hilo lisilo na kelele?"

Nilimkatia simu mume wangu. Ilikuwa saa nane mchana, nami nimesimama mtaa wa Hamugembe, Bukoba, mbele ya nyumba iliyozungukwa na migomba. Muuguzi mmoja wa kwetu Muleba alikuwa ameniandikia jina la mwenye nyumba kwenye kikaratasi: Shamsia. Alisema kila Jumamosi watu wanaojaribu kuacha pombe hukutana kwake. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Nilikuwa na siku nne sijanywa, na mikono ilitetemeka hadi chaki inaniponyoka.

Mume wangu, Audax, nilishamweleza habari za kikundi hicho. Alinishika mkono akasema taratibu, "Unataka mji mzima ujue? Baki nyumbani. Mimi nitakutunza." Nikaondoka bila kumuaga.

Ndani walikuwepo watu saba kwenye viti vya plastiki. Bi Shamsia, mama wa makamo aliyevaa ushungi, aliniletea chai.

"Hapa hatuulizani dini wala kazi," alisema. "Taja jina lako, kisha sema unachoweza."

"Naitwa Evodia. Nilianza kunywa baada ya kumzika mtoto wetu, mwaka juzi. Nimejaribu kuacha mara sita, nikashindwa."

"Unashindwa vipi?" Aliyeuliza aliitwa Mutembei, mvuvi wa zamani wa kisiwa cha Goziba aliyehamia Muleba.

"Nikikaa siku tatu, nne, naikuta gongo mbele yangu. Nakunywa."

"Unanunua wapi?"

"Sinunui. Analeta mume wangu."

"Unamtuma?"

Niliweka kikombe chini. Zamani nilimtuma. Lakini mara hizi sita? Niliikuta kando ya kitanda, kwenye chupa ya maji. Niliikuta kabatini, nyuma ya sukari. Mara ya mwisho ilikuwa ndani ya mkoba wangu wa shule.

"Yeye hanywi," nilisema. "Anaimba kwaya kanisani."

Simu yangu ikaingiza ujumbe.

"Nimeongea na dereva wa Hiace. Najua uliposhukia. Rudi mke wangu, nimekuandalia chakula."

Bi Shamsia aliusoma, akanirudishia simu polepole.

"Hifadhi namba yangu. Ukizidiwa, piga. Hata usiposema kitu, nitasikia."

Nilirudi gari moja na Mutembei. Tuliachana stendi ya Muleba jua likizama, nikiwa nimeshamwelekeza nyumba yangu.

Nyumbani nilikuta ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage mezani, na glasi moja. Audax alifunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni.

"Kaa, mke wangu. Unatetemeka."

"Hiyo ni nini?"

"Kidogo tu, upate usingizi."

"Nilikuambia nimeacha."

"Uliniambia mara sita."

"Na mara zote sita ulileta wewe."

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Alisogeza glasi mpaka ikagusa vidole vyangu. Harufu yake ikanijaza mate mdomoni. Mkono wangu mwingine ulikuwa mfukoni, ukibonyeza namba ya Bi Shamsia.

"Unaikumbuka barua yako ya uhamisho?" aliuliza.

Niliiandika mtoto akiwa bado hai, nikiomba kuhamia Mwanza. Nilikuwa nimechoka kuchungwa. Sikujua kama aliiona.

"Niliikuta kwenye madaftari yako. Ulitaka kuondoka na mtoto. Kisha mtoto akafariki, ukaanza kunywa, na habari za Mwanza zikaisha. Ukawa unaniita nikushike. Ukiwa mzima, Evodia, hujawahi kuniita."

"Kwa hiyo ulikuwa unanilevya ili nibaki."

"Nakupenda."

"Nipe ufunguo."

"Kunywa kwanza."

"Nipe ufunguo, Audax."

"Nimesema kunywa."

Chakula kilipoa. Kisha mlango ukagongwa.

"Mwalimu, ni Mutembei. Bi Shamsia amesikia yote kwenye simu, akanipigia. Nimekuja na mwenyekiti wa kitongoji."

Audax aliniangalia kama mtu asiyenifahamu. Akautoa ufunguo, akauweka mezani, akainamisha kichwa karibu na sahani.

Siku ile nililala kwa Benadetha, mwalimu mwenzangu. Baadaye nilipanga chumba jirani na shule. Audax alituma ujumbe kila asubuhi, sikujibu hata mmoja. Kila Jumamosi nilipanda gari kwenda Bukoba. Nilianguka mara moja, nikanywa, mwezi wa pili tangu nihame, nikarudi kikundini nikawaambia.

Mwezi wa tano, tukiwa katikati ya kikao, Audax alitokea mlangoni kwa Bi Shamsia. Alikuwa amekonda.

"Naitwa Audax," alisema bila kuinua uso. "Mimi sinywi. Nilikuwa namnywesha mke wangu ili asiniache."

Bi Shamsia akanitazama mimi, si yeye.

"Evodia, unasemaje?"

Sitadanganya, moyo ulimtaka. Na moyo uleule ulimwogopa.

"Apewe kiti," nilisema. "Kile cha karibu na mlango."

Alikaa, akasikiliza kila mtu mpaka mwisho. Tulipotoka alinisubiri barabarani.

"Turudi wote Muleba?"

"Hapana. Tangulia wewe, mimi nitapanda gari la nyuma."

"Na Jumamosi ijayo?"

"Jumamosi ijayo njoo tena. Useme tuliyokuwa tukifichana kabla ya msiba: barua yangu, na ulivyokuwa ukinichunga."

Aliitikia kwa kichwa, akapanda bodaboda kwenda stendi. Nilisubiri mpaka ilipopotea ndipo nikaanza kutembea.