Mguu wa Nne wa Benchi

Benchi jipya la Nyundo lilikuwa na kasoro moja: ukiligonga, linajibu.

Nyundo alikuwa mchonga mawe, na kwa utulivu wa benchi hakuwa na mchezo. Jiwe likitikisika patasi huteleza, na kazi yote inapasuka. Kwa hiyo alijenga la mbao nene, akalitilia sanduku la vifusi kwa chini ili liwe zito, akalisimamisha karakanani, iliyotenganishwa na chumba cha kulala kwa ukuta mmoja tu. Mguu wa nne ukazama. Alipochimba pale akakuta tundu lenye ubaridi na harufu ya chuma kilicholowa. Mwingine angelihamisha benchi. Yeye alimwaga vifusi tunduni, akashindilia mpaka pakajaa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Alipoanza kuchonga, kila pigo lilirudishwa kutoka chini ya mguu ule. Akajiambia ni mwangwi. Mkewe, aliyekuwa akimnyonyesha binti yao ng'ambo ya ukuta, alimtania kwamba siku hizi ana msaidizi na hamtambulishi. Wakacheka. Kisha mtoto akaanza kukohoa, na alichokohoa kilikuwa vumbi jeupe.

Daktari hakuona ugonjwa. Nyundo akaweka patasi chini, lakini kugonga kwa kule chini hakukukoma. Kuliendelea taratibu, bila kuchoka, na kwa kila pigo mtoto alikohoa, mama yake akimpangusa midomo, hadi baba mtu akawa anaziba masikio na bado anasikia.

Maji yalikuwa yamezidi unga. Mkewe akamwita shangazi yake, mganga wa maneno machache, ambaye alilaza sikio sakafuni, kisha akainuka amekunja uso.

"Umeziba mlango wa watu wa chini, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Hawapati pumzi. Wa kwako naye hatapata."

"Nifanyeje, shangazi?"

"Toa huo mguu."

Walimwaga vifusi vya sandukuni, wakalinyanyua benchi. Miguu mitatu iliachia sakafu. Wa nne ulikataa, umeshikwa. Nyundo akachukua msumeno akaukata, jasho likimwingia machoni, na kipande kilichobaki ardhini kikavutwa chini chenyewe, naye akapiga magoti akachota vifusi kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, shangazi akinong'ona maneno yake bila kupumzika, hadi upepo wa baridi ukapanda kutoka tunduni, ukawapita, ukatokea mlangoni.

Mtoto akavuta pumzi ndefu, akanyonya, akalala. Mama yake alilia kwa furaha. Nyundo naye alilia, wala hakuona haya.

Shangazi alipoondoka, Nyundo alirudi karakanani kufagia. Benchi lilisimama limenyooka. Akaweka kiganja kwenye kona isiyo na mguu, akabonyeza. Akaiegemea kwa uzito wake wote.

Kona haikushuka, kana kwamba mguu bado upo. Ng'ambo ya ukuta, mtoto akakohoa.