Maji Yasiyotajiwa Jina

Debe la kwanza la maji halikuzama ardhini. Lilimezwa.

Philbert, msaidizi wa bwana afya, alisikia koo likigugumia chini ya shimo, akatabasamu. Kijana wa kaptula ya kaki na soksi ndefu. Elimu yake nayo ilimfika magotini.

"Udongo first class, Bwana Kalinga. Udongo wa mfinyanzi wa hapa Kihesa huwa mgumu, lakini huu unakunywa. Tangi lako la choo halitafurika."

"Na kisima changu?"

"Maji ya chini yako mbali. Hatujagusa hata unyevu."

Kalinga alikuwa karani. Mwaka ule wa 1956 alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, akaapa mkewe hatachutama tena shimoni wakati Wazungu wa Gangilonga wanavuta mnyororo wa choo. Nani amlaumu? Siku zile hata kinyesi kilikuwa na ubaguzi.

Kipimo chenyewe cha kujua kama udongo utanyonya maji ya choo si uchawi: chimba shimo, lijaze maji mpaka udongo ulowe, jaza tena, utazame kwa kijiti yanashuka upesi kiasi gani. Philbert akamwaga mchana kutwa. Kila debe likamezwa. Jioni shimo likaanza kunuka, si matope, bali mdomo wa mgonjwa wa homa asiyepewa maji.

Asubuhi mitungi ya jikoni ilikuwa mikavu, kingo zake zimelambwa zikang'aa. Kisima kilibaki tope. Na Tekla, mke wa Kalinga, alipompakata mwanawe mchanga, titi halikutoa kitu.

"Kuna kinachomtangulia mtoto, Baba Libe," alimnong'oneza mumewe. "Nikisinzia nasikia mdomo wa baridi hapa. Una meno."

Kalinga akatuma watu Idodi kwa mama yake. Bibi Benedicta alifika na rozari shingoni na kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi, mkononi, akaenda moja kwa moja shimoni.

"Kamwene, mama," Philbert alimsalimia.

"Kamwene. Ulipomwaga, ulimtaja nani?"

"Sikumtaja mtu. Ni percolation test."

"Ukoo wetu hauna mtu wa jina hilo." Hakucheka. "Sisi tunawamwagia wazee kwa majina. Aliyetajwa anakunywa, anarudi kulala. Wewe umemwaga kutwa bila jina. Kila mwenye kiu humo chini amedhani ameitwa."

"Mtoe, mama," alisema Kalinga. "Mtoto anakauka."

"Hatoki bila jina. Nitawataja wafu wetu. Akiwa mmoja wao, atakunywa aende."

Ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlimani bibi alipopiga magoti, akamimina ulanzi wote, na ulanzi, ajabu, ukasimama hadi ukingoni bila kupungua, akaanza kutaja, baba na babu na shangazi na waliokufa vitani na waliokufa kwa ndui, na kila jina likaanguka juu ya ule ulanzi uliotulia kama jicho, na nyuma yake Tekla akimbembeleza mtoto aliyelia kilio kisicho na machozi, kilio cha kuni kavu, mpaka majina yakamwishia bibi mdomoni na kukawa kimya isipokuwa kile kilio na, chini kabisa, pumzi ya kitu kinachosubiri.

"Nyamaza, Liberatus," Tekla alimnong'oneza mwanawe.

Ulanzi ukashuka wote kwa mkupuo mmoja.

Mtoto akanyamaza.

Bibi Benedicta aligeuka taratibu, magoti yake yangali chini. "Umemtaja nani, mwanangu?"

Tekla alijishika kifua. Titi lilikuwa limejaa ghafla, maziwa yanalowesha kanga. Mtoto alifumbua macho, akalamba midomo. Pumzi yake ilinuka ulanzi na udongo mbichi.

"Mpe anyonye," alisema Kalinga. "Si ana njaa? Mpe."

Akampa. Wote wakasikia, ndani ya kile kikoo kidogo, ule mgugumio ambao Philbert aliusifu. Uliendelea hata titi lilipokauka, na Tekla akajaribu kumbandua, akashindwa.