Utepe Mwekundu wa Mpishi

Kila asubuhi, msichana waliyemwita Malkia alifika shuleni amechelewa, kisha akawasukuma wenzake ili akae mbele. Kupanga foleni, kwake, ilikuwa kazi ya wajinga.

Siku hiyo jukwaa la ukumbini lilivunjika wakati wa mazoezi ya kwaya. Watu tisa waliumia. Zahanati ikatuma roboti yake ya magurudumu, inayojiendesha yenyewe. Ilimfikia kila majeruhi, ikampima mapigo ya moyo, ikamuuliza maswali, ikamfunga utepe mkononi. Daktari alifuatilia kwenye skrini akiwa mji mwingine. Mwenye utepe mwekundu apelekwe hospitali kwanza, wa njano asubiri, wa kijani ajikaze tu.

Malkia alichubuka goti. Alipiga mayowe kama anayekatwa mguu, roboti ikampa kijani. Mpishi wa shule, aliyepigwa na ubao tumboni, aliegemea ukuta kimya huku jasho likimtoka. Akapewa mwekundu.

"Mashine gani hii isiyo na akili!" Malkia alifyonza. "Mimi nalia, huyu anasinzia!"

Mpishi alipofumba macho, Malkia akabadilisha tepe zao. Akili nyingi huondoa maarifa, na zake hata nyingi hazikuwa.

Dereva wa gari la wagonjwa alipouona utepe mwekundu, alimbeba Malkia mbio hadi garini. Ndani, shangazi wa Malkia, muuguzi, alikuwa kwenye simu na daktari, akirudia maagizo yake. "Mwenye utepe mwekundu anavuja damu tumboni. Akifika tu, apasuliwe." Akageuka. "Mwanangu! Kumbe ni wewe?"

"Si mimi, shangazi! Msinipasue! Huu utepe ni wa mpishi!"

Usidhani dhamiri ilimsuta. Aliogopa kisu tu.

Walirudi mbio ukumbini, wakamkuta mpishi midomo imepauka. Alipasuliwa, akapona. Daktari alisema wangechelewa dakika kumi zaidi, wangemzika.

Wiki mbili baadaye, shangazi alimpeleka Malkia wodini. Mpishi akatabasamu. "Ahsante, mwanangu. Nasikia uliniachia nafasi yako garini."

Malkia akamtazama shangazi, akitumaini atanyamaza.

"Roboti haikukosea," shangazi akasema. "Uongo uliufunga kwa mikono yako mwenyewe, uufungue mwenyewe. Asiyeweza kungoja zamu yake hupita juu ya wenzake, hata wanaokufa. Haya, sema."

Malkia akasema yote. Mpishi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukutani.